Uzi maalumu: Kukagua gazeti, redio na matangazo kama yanawachora wanawake na wanaume kwa mazoea (kwa kuhesabu, si kwa hasira)

#1 KalamuNyekundu (mleta mada)

Wakuu, kila ikikaribia Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, mitandao inajaa malalamiko kwamba vyombo vya habari vinawachora wanawake vibaya. Upande wa pili unajibu "mnakuza mambo", na mabishano yanaendelea hadi mwaka unaofuata kwa sababu hakuna aliyeshika namba. Hapa naweka utaratibu wa kukagua chombo kimoja kwa siku saba kwa daftari, kalamu na saa ya simu. Wenye ujuzi wa matangazo, michezo na redio waongeze nyama.

Kwanza tujue pa kutazama. Kiswahili hakina kiwakilishi cha kike na cha kiume. "Alisema" ni alisema tu. Anayetafuta ubaguzi kwenye viwakilishi atatoka mikono mitupu. Kwetu umejificha kwingine: nani anapewa nafasi ya kusema na anasema kama nani, kitenzi kiko kauli ya kutenda au ya kutendwa, na mtu anabandikwa neno gani kabla ya jina lake.

Utaratibu wenyewe nimeupunguza kutoka ule wa GMMP, mradi wa dunia wa kufuatilia habari ulioanza 1995 na kurudiwa kila baada ya miaka 5. Wajitolea wa nchi nyingi huchagua siku moja na kuhesabu watu waliomo kwenye habari. Mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 17. Mwaka 2020, katika nchi 116, asilimia 25. Miaka 25, alama 8.

Chora jedwali. Mstari mmoja ni wa mtu mmoja anayetajwa, si wa habari moja. Safu ni hizi:

1. Ke, Me, au haijulikani
2. Yupo kama nani: mhusika, msemaji wa taasisi, mtaalamu, shahidi, aliyepatwa na jambo, au mwananchi aliyeulizwa maoni
3. Kazi au cheo kilichotajwa
4. Ndoa au watoto wametajwa?
5. Sura, umbo au mavazi yametajwa?
6. Amenukuliwa maneno yake, au amesimuliwa tu?
7. Sekunde alizosikika (redio, TV) au aya alizopewa (gazeti)
8. Ameonyeshwa kama mwathirika?

Safu ya 2 ndiyo yenye ukweli mchungu. Bei ya nyanya ikipanda, kipaza sauti kinapelekwa kwa mama wa sokoni aseme hali ngumu, halafu anatafutwa mchumi mwanamume aeleze mfumuko wa bei. Nyanya ni zilezile. Mmoja kaulizwa maumivu, mwingine kaulizwa sababu. Ukihesabu vichwa tu utaona moja kwa moja, sare, na mhariri atakupigia makofi.

Makosa yanayoharibu hesabu: kuanza wiki ya Machi 8 au wiki yenye msiba wa kitaifa, kumhesabu mtangazaji pamoja na wanaohojiwa (mtangazaji awe na jedwali lake), kumhesabu mtu mmoja mara tatu kwa sababu katokea mara tatu ndani ya habari moja, na kujaza jedwali peke yako. Muwe wawili, kila mmoja ajaze bila kumwangalia mwenzake, kisha mlinganishe mistari 50 ya kwanza. Mkitofautiana kwenye zaidi ya mistari 10, msiendelee. Andikeni upya maana ya kila safu. Mara nyingi ugomvi huwa kati ya "shahidi" na "mwananchi wa maoni".

#2 Ndimi Mbili

Mkuu, gazeti likiandika "Furaha Mwakyusa, mkazi wa Mbezi, alisema maji hayatoki" bila picha, unajaza nini? Furaha, Baraka, Amani, Neema wapo wa kila aina.

#3 KalamuNyekundu

Unajaza "haijulikani", hata kama moyo unakuambia ni mwanamume. Ndiyo safu inayotutofautisha na wanaokagua magazeti ya Kiingereza. Kule jina likificha, kiwakilishi kinafichua. Huku habari nzima inaweza kuisha hujui. Cheo, picha, au maneno kama "mama wa watoto wanne" ndiyo ushahidi unaokubalika. Jina peke yake halitoshi isipokuwa liwe la wazi kabisa, mfano Mwanaidi au Abdallah.

Kisha mwisho wa wiki pitia hao wote wa "haijulikani" uone wana vyeo gani. Wengi wakiwa wahandisi na madaktari, msomaji kashawajaza mwenyewe kichwani. Hilo huwezi kulihesabu, lakini uliandike chini ya jedwali.

#4 MezaYaMwisho

Naongezea vichwa vya habari, maana ndiko sumu ilipo.

Kichwa cha kwanza: "Mwanafunzi apewa mimba." Aliyempa yuko wapi? Kauli ya kutendwa imemmeza. Mbaya zaidi ni "mimba za utotoni", maana hapo hata kitenzi hakipo. Mimba zimeota kama uyoga. Wakati sheria ya elimu ya Tanzania ilirekebishwa 2016 ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Sheria inamjua mtenda, kichwa cha habari hakimjui.

Kinga ya kisheria siyo kisingizio. Wahariri wengi wanakimbilia kutendwa wakiogopa kumhukumu mtu kabla ya mahakama. Sarufi inakuruhusu yote mawili: "Polisi wanamshikilia mwanamume wa miaka 41 wakimtuhumu kumpa mimba mwanafunzi." Mtenda yupo, tuhuma ni tuhuma, na mtoto hatajwi jina wala shule wala mtaa. Hilo la mwisho halina mjadala, na picha ya mgongo akiwa na sare ya shule yenye nembo nayo ni kumtaja.

La pili ni "wivu wa mapenzi". Mume kamuua mkewe, taarifa ya polisi inasema chanzo ni wivu wa mapenzi, mwandishi ananakili hivyo hivyo hadi kwenye kichwa. Soma maneno hayo mawili taratibu: wivu, mapenzi. Mauaji yamegeuka kitu kinachotokana na kupenda kupita kiasi, na msomaji anaanza kuuliza marehemu alifanya nini. Rekebisha hivi: maneno ya kamanda yaweke ndani ya alama za kunukuu, aya ya tatu au ya nne, na uyahusishe naye. Kwenye kichwa weka tendo. Kisha uliza maswali mawili ambayo kwa kawaida hayaulizwi: je, kulikuwa na malalamiko yaliyofikishwa serikali ya mtaa, dawati la jinsia la polisi au kwa wazee kabla? Na nani aliyapokea? Hapo unapata habari ya pili yenye uzito kuliko ya kwanza.

#5 Bwana Ugumu

Nimesoma. Sasa mtakuja kutuambia na "kuoa" na "kuolewa" ni ubaguzi? Hiyo ni sarufi ya babu zetu. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, basi. Na "Mama" kwa Rais Samia ni heshima, mbona Nyerere ni Baba wa Taifa na hakuna aliyelia?

Halafu wanaume hamuwaoni. Mwanamume akipigwa na mkewe, mtangazaji anacheka hewani.

#6 Ndimi Mbili

Bwana Ugumu kaleta hoja tatu, mbili ni nzuri.

Kuoa na kuolewa hakuna anayeyafuta kwenye kamusi. Ila ukiandika wasifu wa mtu, angalia unaandika nini kwa nani. "Ameolewa na ana watoto watatu" inaingia kwenye wasifu wa mkurugenzi mwanamke aya ya pili. Mkurugenzi mwanamume anapewa shahada na miaka ya uzoefu. Kipimo ni kimoja: kama ndoa inahusu habari, iandikwe kwa wote, kama haihusu, itoke kwa wote. Na ukitaka neno lisilo na upande, "wamefunga ndoa" na "wameoana" yapo, si ya kuunda. Tuna hata "mgane", mwanamume aliyefiwa na mke. Umelisoma lini mara ya mwisho? "Mjane" kila siku yupo, mgane anaitwa "fulani aliyefiwa na mkewe" kana kwamba imempita tu.

"Mama" ni hoja ngumu kweli. Kwetu ni neno la heshima, na anayelikataa kwa mkupuo hajui Kiswahili. Mimi natazama kitenzi kinachofuata. Baba wa Taifa aliongoza, alitangaza, alikataa. Ikiwa "Mama" kila siku anafuta machozi, anakumbatia na anasikia kilio, lakini kusaini, kuteua na kutengua kunafanywa na "Serikali", basi cheo kimegawanywa vipande viwili na yeye kapewa cha jikoni. Fanya hesabu: vichwa 30 vyenye "Mama", vichwa 30 vyenye "Rais", orodhesha vitenzi vyote pembeni. Usibishane kabla ya orodha.

La wanaume uko sahihi kabisa. Safu ya 8 ya jedwali ijazwe kwa wote, na uongeze alama kama habari imeandikwa kwa mzaha. Angalia pia "jikaze kiume" na "mwanaume halii" kwenye vipindi vya ushauri. Lugha yenyewe imeshajipanga: mkono wa kuume ni wa kulia, wa kuke ni wa kushoto, kufanya jambo "kiume" ni kulifanya kwa ujasiri. Mtoto wa kiume anasikia hayo tangu chekechea, kisha akifika hospitali na sonona anasema ana malaria.

#7 PwaniKwetu

Salamu kutoka Mombasa. Huku Kenya magazeti ya Kiswahili yana msamiati wake wa udaku: mwanamke ni kipusa, kidosho, mwanadada, mwanamume ni jamaa, polo, jombi. Hebu tazameni. Vipusa na vidosho ni sura. Polo na jombi ni mtu tu, hata awe na kitambi. Tena vipusa huvuka safu ya udaku hadi ukurasa wa siasa mwanamke akiwania kiti. Mwaka 2022 magavana wanawake walipofika saba, kutoka watatu wa 2017, bado mtu angesoma kuhusu mavazi ya kuapishwa kuliko bajeti ya kaunti.

Na hilo la mwanamume kupigwa: Nyeri, kaunti ya katikati ya Kenya, imekuwa kichekesho cha taifa kwa zaidi ya miaka kumi kwa sababu ya namna habari za wanaume kupigwa na wake zao zilivyotangazwa. Hadi leo mwanamume wa huko akienda kuripoti atasikia mzaha kabla ya kupewa namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Sheria yetu ya 2015 ya ulinzi dhidi ya ukatili wa nyumbani haimchagui mwathirika kwa jinsia. Basi mhariri naye asichague. Badili jina la mwanamume uweke la mwanamke, usome tena sentensi. Kama kicheko kimekwama kooni, iandike upya.

Michezoni hata majina ya timu yanasema. Timu ya taifa ya wanaume ni Harambee Stars, ya wanawake Harambee Starlets, yaani vinyota. Ndugu zetu wa Tanzania wana Taifa Stars na Twiga Stars.

#8 Msomi wa Benchi

@PwaniKwetu hapo kwenye timu nimecheka, ila umegusa. Taifa ni la wanaume, twiga ni wa wanawake. Klabu zetu nazo: Simba Queens, Yanga Princess, JKT Queens. Haibadiliki leo na si lazima ibadilike, watu wanazipenda hizo jezi. Vijana tu ndio wamepewa sawa: Serengeti Boys, Serengeti Girls.

Kinachoweza kubadilika kesho asubuhi ni namna ya kuripoti. Mambo manne kwa mwandishi wa michezo:

Ukiandika "timu ya wanawake" andika na "timu ya wanaume", au usiandike yoyote pale muktadha uko wazi. "Simba yafuzu" na "Simba ya wanawake yafuzu" kwenye ukurasa mmoja inamaanisha Simba halisi ni moja.

Takwimu zilezile. Mfungaji wa kiume anapewa dakika ya goli, aliyetoa pasi, mguu aliotumia. Mfungaji wa kike anapewa "alionyesha uwezo mkubwa". Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 India 2022. Simba Queens mwaka huohuo wakamaliza wa nne Ligi ya Mabingwa Afrika. Mambo haya yalistahili uchambuzi wa mfumo, nani alikaba wapi, presha ilianzia eneo gani. Tafuta uchambuzi wa aina hiyo uniletee.

Achana na "anacheza kama mwanaume" hata kama unasifia. Na mwisho, maswali baada ya mechi: usiulize ataolewa lini. Limeulizwa mno.

#9 Saa Tisa Studio

Upande wa redio. Visingizio ni viwili: "wanawake wataalamu hawapo" na "tukiwaita wanakataa". Cha kwanza ni uvivu wa daftari la simu. Cha pili kina ukweli, na sababu zake zinajulikana.

Wanaitwa kwa kuchelewa. Prodyuza anapiga simu saa 11 jioni kwa kipindi cha saa 3 usiku. Mwanamume anawasha gari anakuja. Mwanamke mwenye watoto nyumbani hawezi, na usafiri wa kurudi saa 5 usiku haukutajwa. Piga siku mbili kabla, tuma maswali matatu ya msingi, toa uchaguzi wa kurekodi mchana au kuunganishwa kwa simu, na kama anakuja studio usiku gari la kumrudisha lisemwe kwenye simu ileile ya mwaliko. Pia mwambie nani mwingine atakuwepo. Wengi wanakataa kwa sababu waliwahi kuketishwa na wachambuzi watatu wanaokatana maneno.

Akiwa hewani, pima mambo mawili kwa saa: sekunde alizosema na mara alizokatizwa. Mtangazaji akiona namba zake mwenyewe anabadilika haraka kuliko kwa semina.

BBC walianza mtindo huu 2017 kwa kipindi kimoja cha habari, wakauita 50:50. Ujanja wao ni kwamba wanahesabu wale tu waliowachagua wenyewe. Rais au waziri mwenye habari hahesabiwi, kwa sababu prodyuza hakumchagua. Wanahesabu mwisho wa kipindi, dakika mbili hivi, namba inabandikwa timu nzima iione. Na ubora haushushwi: anaitwa anayejua. Mleta mada, ongeza alama ya "tumemchagua / hatukumchagua" kwenye jedwali lako, itakupunguzia ubishi na wahariri.

Angalizo: usimwite daktari bingwa wa mifupa mwanamke umuulize anawezaje kazi na familia. Muulize mifupa.

#10 Bango Kubwa

Matangazo ya biashara sasa. Chukua matangazo 20, yagawe: sabuni, unga na mafuta ya kupikia, benki, simu, saruji na rangi, magari. Kwa kila moja jibu maswali manne: nani anatumia bidhaa, nani anaeleza jinsi inavyofanya kazi, nani analipa, na sauti ya mwisho inayotamka kaulimbiu ni ya nani. Utakuta mama anafua, halafu bwana mwenye koti jeupe au sauti nzito isiyoonekana inamfundisha kufua. Kazi ya kila siku ni yake, utaalamu wa kazi hiyo si wake.

Picha za mabango zina alama zake. Mwanasosholojia Erving Goffman alizichambua miaka ya 1970 na bado zinafanya kazi ukisimama pale Mwenge, Dar: mikono (mwanamume ameshika bidhaa kwa kiganja, mwanamke anaigusa kwa ncha za vidole), kimo (nani kawekwa juu ya mwenzake), macho (nani anatazama kazi, nani anatazama mbali kama anaota), na nani anamwelekeza nani kwa kidole.

Uingereza wameweka kanuni tangu Juni 14, 2019: tangazo lisiwe na dhana za kijinsia zinazoweza kuleta madhara au kuudhi sana. Agosti mwaka huo mawili ya kwanza yakapigwa marufuku. La jibini ya Philadelphia lilionyesha akina baba wawili wanasahau watoto kwenye mkanda wa chakula mgahawani. La Volkswagen lilionyesha wanaume wakifanya ya ajabu, wanaanga na mwanamichezo mwenye mguu bandia, kisha mwanamke kakaa kando ya kigari cha mtoto. Zingatieni: kanuni haikatazi kumwonyesha mwanamke akifua. Inakataza kuonyesha kwamba kazi ni ya jinsia moja tu au kwamba jinsia nyingine haiiwezi. Na moja kati ya hayo mawili liliwadhalilisha wanaume, Bwana Ugumu upo?

Tena tunao mfano wetu mzuri. Kampeni ya redio ya Fataki, Tanzania, mwishoni mwa muongo wa 2000, ilimpa jina mtu mzima anayewarubuni wanafunzi. Kabla ya hapo msamiati wote ulimwangukia binti: kicheche, anajirahisisha. Baada ya hapo mtaani mtu anaambiwa "acha ufataki". Jina likahamia kwa mtenda, na matangazo yakamwonyesha jirani au dada mkubwa akiingilia kati, si binti kuachiwa apambane peke yake. Ukiandika skripti ya kampeni, iga vitu hivyo viwili.

#11 Bwana Ugumu

Nipo. La Fataki nakubali. La vitenzi vya Mama ngoja nihesabu kwanza, nitarudi.

#12 Msimbo

Moja dogo kwa wanaotafsiri habari zao kwa mashine ili ziingie ukurasa wa Kiingereza. Kiwakilishi chetu kisicho na jinsia kinapofika kwenye mashine lazima kichague upande, na mashine inachagua kwa mazoea ya maandishi iliyolishwa. Watafiti wa Brazil walipima lugha 12 za aina hii, Kiswahili kikiwemo, wakakuta tafsiri inaegemea uanaume hasa kwenye kazi za sayansi na uhandisi. Desemba 2018 Google walianza kutoa majibu mawili kwa Kituruki kwenda Kiingereza, lakini hiyo ni sentensi fupi. Habari ndefu ni jambo jingine: mhandisi wako anaweza kuanza akiwa mwanamke aya ya kwanza na kumaliza akiwa mwanamume aya ya sita.

Jaribu sentensi kumi: yeye ni daktari, yeye ni muuguzi, anaendesha lori, analea watoto, na kadhalika, kila moja peke yake. Kisha weka utaratibu: mwandishi aandike jinsia ya kila mtu juu kabisa ya faili, na anayehariri Kiingereza apitie kila kiwakilishi akilinganisha na orodha hiyo. Habari ya maneno 500 haichukui hata dakika tano.

#13 Ndimi Mbili

@Msimbo na orodha hiyohiyo ya juu ya faili inamaliza tatizo langu la kina Furaha na Baraka. Mkaguzi wa nje hataiona, ila chumba cha habari kinachojikagua chenyewe hakina sababu ya kujaza "haijulikani" hata mara moja.

#14 KalamuNyekundu

Naongeza safu mbili basi: ya 9, tumemchagua au la, ya 10, mzaha ndiyo au hapana. Anayeanza wiki hii aanze Jumatatu na taarifa ya saa 2 usiku, arekodi kwanza ndipo ahesabu. Ukihesabu moja kwa moja hewani, safu ya 7 yote itakuwa ya kubahatisha.